Dawa Iliyomkohoza Baba, na Ahadi ya Chama Chake

Baba yangu alikuwa mwanachama wa chama chake kabla sijazaliwa, na mimi sijawahi kuwa mwanachama wa chama chochote. Hatukugombana juu ya hilo. Nikirudi kijijini kwetu Kishanda kutoka Bukoba, ambako nafundisha sekondari, ananiuliza habari za shule, nami namuuliza habari za kahawa na migomba. Siasa tulikuwa tunaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Kilichoiingiza ndani ni presha. Baba alianguka kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, akikata mkungu wa ndizi, mdogo wangu anayeishi naye akampeleka hospitali, na huko wakagundua kwamba presha yake ilikuwa imepanda kwa muda mrefu bila yeye kujua. Kwa bahati kaya yao ilikuwa na bima. Alipewa vidonge kwenye dirisha la dawa, akaambiwa atavimeza maisha yake yote, akarudi nyumbani akiisifu bima kwa kila aliyekuja kumpa pole. Chama chake ndicho kilichokuwa kimewahimiza watu wajiunge, kwa hiyo sifa alizigawa sawasawa.

Presha ilishuka. Kisha kikaja kikohozi kikavu, kisicho na makohozi wala homa. Kilimshika zaidi akilala na akizungumza. Majirani walianza kukaa mbali naye kidogo, akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Lakini baba ndiye aliyekuwa akiongoza sala za jumuiya yetu, na siku moja alishindwa kumaliza fungu la rozari. Alimkabidhi rozari mama mmoja aliyekaa karibu, akatoka nje kukohoa. Baada ya hapo hakwenda tena. Alisema ana kazi nyingi shambani, na sote tukajifanya tumeamini.

Daktari aliyemwona mara iliyofuata, binti wa rika la wanafunzi wangu wa zamani, alimuuliza kikohozi kilianza lini. Aliposikia kilianza baada ya dawa, alimweleza kwamba baadhi ya watu dawa ile huwakohoza, akamwandikia nyingine. Dirishani wakamwambia kwa upole kwamba hiyo mpya bima yake haiigusi, akanunue dukani. Tukaanza kununua, mimi na ndugu zangu kwa zamu. Kikohozi kikaondoka polepole, na baba akarudi kwenye sala.

Tatizo ni kwamba zamu za watoto huwa na mapengo. Ada zikigongana, au mmoja akiuguliwa kwake, vidonge vilikwisha, na baba hakusema. Alirudi kwenye vile vya dirishani. Nilijua siku aliponipigia simu kunieleza habari za mvua, akakatisha maneno mara tatu ili akohoe. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alijibu kwamba presha haijali imeshushwa na kidonge kipi.

Kampeni zilinikuta likizoni nyumbani. Macho ya baba yamechoka, kwa hiyo alinipa kitabu cha ilani ya chama chake nimsomee sehemu ya afya. Nilisoma kwamba chama kitahakikisha kila mwananchi mwenye bima anapata dawa muhimu. Akaniomba nimwambie kwa Kihaya. Nilianza, nikakwama. Naweza kusema dawa nzuri, dawa kubwa, dawa inayohitajika, lakini kila neno nililojaribu lilibadilisha ahadi. Baba alinisubiri. Mwishowe akauliza, "Muhimu kwa nani?" Mimi mwalimu wa Kiswahili nikarudia kuisoma sentensi ile tangu mwanzo.

Mkutano wa kampeni wa chama hicho ulifanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mgombea udiwani alikuwa kijana wa kwetu, mtoto wa familia ya Kilutheri ya ng'ambo ya bonde, mpole, mwenye kujua kuzungumza. Alipofika kwenye afya alisema kwamba chini ya chama chake, mwenye bima atapata dawa zote bila kuongeza chochote. Watu walipiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Baba alinyoosha mkono. Kwa kuwa ni mzee wa chama, walimpelekea kipaza sauti wakidhani anataka kumwombea kura.

"Mwanangu," alisema, "wewe umesema dawa zote. Ilani yetu imesema dawa muhimu. Mimi nina dawa mbili nyumbani. Moja bima inanipa, na inanikohoza. Nyingine hainikohozi, na bima hainipi. Chama chetu kinasema nini juu ya hiyo ya pili?"

Mgombea alisema suala hilo litafanyiwa kazi. Katibu akaanzisha wimbo.

Njiani kurudi nilikuwa nimeona aibu, halafu nikajionea aibu kwa kuona aibu. Mwenyekiti wa tawi alitufuata, akamwambia baba kwamba maswali kama yale huulizwa ndani, si mbele ya wapinzani, ambao kesho yake wangeyatembeza kata nzima. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Akamjibu kwamba ndani alishauliza, na ndani ndiko alikoambiwa asubiri kampeni.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini siku chache baadaye, alasiri, pikipiki ilisimama kwenye njia ya kibanja, na mgombea akashuka peke yake. Alimsalimia baba kwa heshima zote za Kihaya, akakaa, akala ndizi zilizokuwa zimebaki za mchana. Kisha akasema amepiga simu wilayani Muleba, kwa wakubwa wa chama, kuuliza msimamo hasa ni upi.

Msimamo, alivyoueleza, ulikuwa huu: orodha ya dawa za bima hupangwa na wataalamu, na chama hakikuahidi kuipanua. Kiliahidi kuongeza fedha ili dawa zilizomo zisikosekane. Zipo zahanati ambazo hata kile kidonge kinachomkohoza baba hukosekana. Dawa za bei kubwa zikiingizwa sasa, za kawaida zitakwisha mapema zaidi, na wengi wataumia kwa ajili ya wachache.

Nilijiandaa kumtetea baba. Nilitaka kusema kwamba mtu anayekohoa hadi ashindwe kusali naye ameumia. Baba alinitangulia.

"Hilo nalielewa," alisema. "Silipendi, lakini nalielewa. Kwa nini hukulisema?"

"Nikilisema hivyo, mzee, sipati kura."

"Yangu utaipata."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Waliendelea kuzungumza kwa Kihaya kuhusu bei ya kahawa mpaka jua likapungua. Mimi nilikaa pembeni nikiwaza. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba wanasiasa hutudanganya kwa sababu wanatudharau. Huyu alidanganya kwa sababu alituogopa, na sikujua kama hiyo ni nafuu.

Mkutano wake wa mwisho niliusikiliza nikiwa nyuma kabisa, chini ya kibaraza cha duka. Alisema kwamba safari iliyopita alikosea aliposema dawa zote. Akaieleza orodha, akaeleza chama kitafanya nini na hakitafanya nini, na kwamba yeye akiwa diwani hana uwezo wa kuongeza hata kidonge kimoja, ila ana mdomo wa kuwasemea. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alipaza sauti kuuliza kama ni hivyo bima ni ya nini, na mgombea akamjibu kwa kirefu huku watu wengine wakiondoka. Alishinda kwa kura chache kuliko walivyotarajia. Wapo wanaomlaumu baba, na wapo wanaosema ni mvua iliyonyesha asubuhi ya siku ya kura. Mimi sijui.

Dawa ya baba haijaingia kwenye orodha. Sisi tunanunua, na siku hizi vidonge vikikaribia kwisha mke wa mdogo wangu hunipigia yeye, hamsubiri mzee. Tawi lao limepeleka pendekezo juu, kwamba dawa ya kwanza ikimdhuru mgonjwa na daktari akathibitisha, bima impe ya pili. Jibu bado.

Kilichobadilika ni kitu ambacho sikukitazamia. Kwetu watu huficha maradhi. Pasaka iliyopita nilimsindikiza baba kwenye mkutano wa tawi, nikakaa kando ya dirisha. Ajenda ilikuwa barabara. Mjane mmoja tunayepakana naye akasimama, akasema kabla ya barabara anataka kuuliza juu ya dawa ya kifafa ya mwanawe. Miaka yote ile ya ujirani sikujua kwamba mtoto yule ana kifafa. Aliitaja dawa kwa jina lake refu la hospitali, bila kukosea, na mwenyekiti akamwomba aitaje tena taratibu ili katibu aandike. Kisha akasimama mwingine.