Gari Lisilo na Mbele

Nikipita mahali gari linapopuliziwa rangi, ile harufu kali hunishika puani na kunirudisha Kaloleni, Nairobi, miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne na daftari la hesabu mkononi.

Labda wewe pia ulijalidi madaftari kwa kurasa za magazeti makuukuu. Mama aliyapata ya kwetu kwa muuza nyama mmoja wa Soko la Burma, aliyefungia watu nyama kwa magazeti ya ng'ambo. Muhula ule daftari langu liliangukia picha ya gari. Nasema gari kwa sababu maelezo yalidai ni gari la miaka ijayo. Lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima, limechongoka huku na huku. Halikuwa na usukani wala vioo vya pembeni, na viti vyake vilitazamana kama wageni sebuleni. Mbele ni wapi? Darasa zima lilishindwa kuamua.

"Baba yangu atajua," nikasema.

Kamau, mtoto wa jirani, akacheka. "Buda yako anajua nyundo tu. Hii ni ya wasee wa majuu, huko ng'ambo."

Hapo ndipo jambo lilipoacha kuwa la gari. Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, na mimi nilikuwa nimewatangazia wote kwamba hakuna gari asilolijua. Asipojibu, nitaingiaje darasani kesho?

Baada ya shule tulimwendea watu kama kumi, kwenye kibanda chake cha mabati kando ya barabara, kilichonuka rangi ya magari.

"Baba Akinyi," Kamau akaanza kwa adabu ya uongo, akimwita kwa jina langu, "hii gari mbele ni wapi?"

Baba akafuta mikono, akalipokea daftari, akaligeuza juu chini. Akaligeuza tena. Kisha akafumba macho na kupitisha kiganja juu ya karatasi, polepole. Nikueleze: fundi wa bodi hutafuta mbonyeo kwa kiganja, kwa maana macho hudanganywa na mwanga. Lakini ile ilikuwa picha! Wenzangu wakauma midomo wasicheke. Mimi nilitamani kujificha chini ya gari lolote lililokuwa karibu.

Hakuishia hapo. Alichukua debe tupu la mafuta ya kupikia, akalikata, akaligonga mpaka likafanana na lile gari, kisha akatuambia tufumbe macho na kupapasa mmoja mmoja, huku na huku. Tulipapasa. Tulizidi kuchanganyikiwa.

"Mnasikia?" akauliza. "Mkono unateleza sawa pande zote. Sijui mbele ni wapi. Naona aliyelichora naye hajaamua."

"Si nilisema!" Kamau akapiga makofi. "Nyundo tu!"

Baba akacheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Jioni ile nilitembea hatua ishirini mbele yake hadi nyumbani, watu wasijue tuko pamoja. Nilikuwa na hasira, na sikuelewa hata namkasirikia nani: Kamau, gari, au yeye.

Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba magari ya namna ile hutengenezwa kwa maonyesho. Mengine huwa ganda tu, bila injini. Watengenezaji hulitoa gari hadharani wakati wao wenyewe bado wanajiuliza watu watakaaje ndani, nani ataendesha, na kama kuna haja ya mbele na nyuma. Kiganja cha baba kilikuwa kimeligundua hilo juu ya jalada la daftari.

Hata hivyo, si hilo linalonigusa zaidi. Angeweza kunyoosha kidole upande wowote. Kamau angenyamaza, nami ningeingia darasani kesho yake kifua mbele, na hakuna ambaye angejua. Nilichomwomba siku ile, bila kujua, ni anidanganye mbele ya watoto kumi. Akakataa, akastahimili kuchekwa, akaniacha nimtangulie njiani bila kuniita.