Mashine Iliyouliza Jina

Kabla ya vita Adolphine alikuwa mtu wa kompyuta huko Kalima, katika ofisi ya hesabu ya kampuni ya bati, na hilo lilimpa kiburi ambacho hakijamtoka mpaka leo. Mwambie kwamba kompyuta imegoma, atakukodolea macho. Kompyuta haigomi, atasema, ni wewe hukuielewa. Vijana anaowafundisha pale Kindu, kwenye chumba chake cha kuchapia barua karibu na stesheni ya treni, wanamwogopa kuliko padri.

Vita vilipofika Kalima, yeye, mama yake Marie-Louise na mdogo wake Dieumerci walikimbilia Kindu kwa miguu. Kompyuta nayo ilikimbia, ila yenyewe ilipanda gari la jeshi. Ikaishia mezani kwa Komanda Gédéon, mkuu wa usalama wa wale waliokuwa wameushika mji. Usiniulize ofisi yake iliitwaje. Jina la ofisi lilikuwa siri, kwa hiyo watu waliiita Kule, na hakuna aliyeuliza Kule wapi.

Dieumerci alipelekwa Kule kwa sababu ya kioo. Alikuwa anatoka Kibombo na baiskeli iliyosheheni mchele, na kwenye usukani alikuwa amefunga kioo kidogo ili aone nani yuko nyuma yake. Askari wakasema kwa kioo hicho anaongea na ndege za vita. Ndege zipi? Hilo nalo lilikuwa siri.

Komanda Gédéon alikuwa ametangaza kwamba utawala wake ni wa kisasa. Hakuna atakayefunguliwa kwa machozi, wala kwa kuku. Atafunguliwa yule tu ambaye mashine imesema afunguliwe. Kila asubuhi Marie-Louise alipeleka sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, mlangoni, na kila asubuhi aliuliza kama mashine imesema.

"Bado, mama," askari alimjibu. "Iko inafikiri."

Sahani ilirudi tupu. Hilo ndilo lililomfariji mama: mwanawe anakula. Lakini Adolphine hakuweza kulala kwa hasira. Inafikiri nini? Mashine ile aliijua vizuri, na katika miaka yote ya Kalima hakuwahi kuiona ikifikiri. Basi akavaa viatu vyake vya ofisi, akaenda Kule akasema yeye ni fundi.

Alikuta kioo cha kompyuta kimefunikwa kitenge kizito, na Komanda Gédéon ameingiza kichwa ndani yake kama wapiga picha wa zamani. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba, ikinywa mafuta ambayo hospitali ilikuwa inayalilia.

"Komanda, iko inaonyesha kitu gani?" Adolphine aliuliza.

"Siri," Komanda akajibu kutoka ndani ya kitenge.

"Sasa nitaitengeneza namna gani?"

Gédéon alifikiri sana. "Kuna neno moja ya Kiingereza," akakubali mwishowe. "Na kakitu kanawaka, kanazimika, kanawaka, kanazimika. Ile njo kufikiri kwake."

Adolphine akaelewa.

"Haifikiri, Komanda. Inauliza jina."

"Jina ya nani?"

"Ya mutu mwenye iko mbele yake. Jina yako."

Kichwa kikatoka kwenye kitenge, kimekasirika. "Hapa hatupanaka majina. Hapa sisi njo tunaulizaka."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Tangu mvua za kwanza Komanda na mashine walikuwa wamekaa wakitazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake ajitaje, na kwa ajili hiyo watu walikuwa wanaoza kwenye vyumba vya nyuma. Adolphine hakujua acheke au alie. Askari wa mlangoni alikuwa na bunduki, kwa hiyo akaacha vyote viwili.

Alimshauri Komanda waipe jina la mhasibu mkuu wa zamani, mtu ambaye alishakimbilia mbali na hatadhurika. Neno la siri lilikuwa Odile, mke wa mhasibu, na Kalima nzima ililijua, hata mkata majani wa kampuni. Adolphine akageuzwa uso ukutani, akaingiza mikono chini ya kitenge, akachapa bila kuona. Mashine ikafunguka.

"Fiche za wafungwa iko wapi?" Gédéon akauliza mara moja.

Kadi hizo zilikuwa hazipo. Ndani mlikuwa na kilo za bati na mishahara ya wachimbaji, basi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuingiza kitu kingine. Lakini kumwambia hivyo ni kumwita mjinga mbele ya askari wake, na Dieumerci angelipia. Adolphine akaiagiza mashine ionyeshe kazi zote inazozifanya wakati ule, walau apate muda wa kupumua.

"Kuna watu humu!" Komanda akapiga kelele. "Kila mumoja na namba yake! Na namba ingine pembeni!"

"Si watu, Komanda, njo kazi za mashine. Namba ya pembeni njo ya muzazi. Humu ndani kila kazi inazaliwa na ingine."

Hilo lilimgusa Gédéon. Alitoka katika ukoo mkubwa, ambako mtu hapewi hata kiti kabla hajasema ni mtoto wa nani. Akataka kujua namba moja ni nani, akaambiwa ndiye mzazi wa wote. Na huyo kazaliwa na nani?

"Na kiini ya mashine. Ile iko ndani kabisa, hakuna mwenye anaingia kule. Ukitaka kitu, unaomba mulangoni, inakuletea."

"Hata mimi siingie?"

"Hata wewe, Komanda."

Heshima ikamshika Gédéon. Alikuwa amekutana na ofisi ya siri kuliko ya kwake.

"Na huyu wa chini?" akauliza baadaye, sauti imepungua. "Wamemuandikia neno ingine."

Adolphine hakuhitaji kuona. "Ule alisha kumaliza kazi. Lakini muzazi wake hajakuja kumuuliza, na muzazi asipouliza, anabakia tu kwenye orodha. Hafanye kitu, hatoke."

Ulikuwa ukweli mtupu. Mfumo ule uliishi hivyo hasa, na mwanafunzi yeyote angekuambia vilevile. Kisha Adolphine, akimfikiria Dieumerci, akaongeza: "Wakiwa wengi, nafasi inajaa, Komanda. Mashine yote inasimama. Dawa njo moja tu: muzazi aje."

Alipotaka kwenda nyumbani, Gédéon alimzuia. Mtu aliyejua siri za ndani hawezi kutoka, alisema, ndiyo sheria.

"Sikuona kitu. Nilikuwa naangalia ukuta."

Komanda alilipima neno hilo, akaona ni kweli, akamwacha aende.

Kesho yake amri ikasomwa mlangoni: mashine imesema, mfungwa aliyekwisha kuhojiwa aitwe kwa jina na mzazi wake mwenyewe. Marie-Louise alifika amevaa nguo ya kanisani, Adolphine kando yake. Akasimama katikati ya uwanja, akaita, "Dieumerci!" Hakuna aliyeitika. Akaita tena.

Akatoka kijana mrefu, mwembamba, ngozi imepauka, macho hayavumilii jua. Hawakuwa wamemwona maisha yao yote.

Adolphine alifungua mdomo. Mama akamkanyaga mguu.

"Mama, njo huyu?" askari akauliza, maana hata yeye alikuwa ameingiwa na shaka.

Marie-Louise alimtazama kijana. "Njo yeye," akasema. "Gereza imemurefusha."

Nyumbani kijana alikula kwanza, kisha akaeleza huku ameinamisha kichwa. Jina lake Amuri, mtu wa Kabambare. Yeye na Dieumerci walikuwa chumba kimoja, wakila sahani moja. Siku moja askari walikuja kumwita Amuri akabebe mizigo uwanja wa ndege. Amuri alikuwa amelala na homa, hawezi kusimama, kwa hiyo Dieumerci akaitika kwa niaba yake. Ni mizigo tu, alisema, jioni nitarudi.

"Alinambia, wakiita jina yangu, wewe itika. Na chakula ukule, mama asirudishiwe sahani imejaa." Kijana akafuta uso. "Hakurudi, mama."

Marie-Louise alilia siku nzima. Kisha akamuuliza Amuri kama ameshiba.

Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, bila kitenge na bila jenereta. "Dieumerci, umekuwa mrefu!" majirani walimsalimia, na kupita zao. Mwezi wa Ramadhani Dieumerci huyo mpya alipatwa na maradhi ya tumbo yasiyomruhusu kula mchana, na Marie-Louise, Mkatoliki wa kila misa, alimpikia uji jua likizama. Vita vilipoisha Amuri alikwenda Kabambare kuwatafuta ndugu zake, akakuta majivu, akarudi.

Na Dieumerci mwenyewe? Kwa hesabu ya Kule, huyo alikuwa amefunguliwa. Serikali ilikuja nyingine, ofisi zikabadilisha majina, lakini hakuna pa kwenda kumuulizia mtu ambaye kila mtu anamwona uani kwenu anapasua kuni. Kumuulizia yeye ni kumrudisha Amuri Kule. Adolphine alilimeza swali hilo miaka na miaka, na lilimwuma.

Juzijuzi akaja nyumbani Cédric, kijana mwenye adabu, wa ofisi ya usalama ya leo. Alitaka kujua katika ile mashine ya Komanda mlikuwa na nini.

"Bati," Adolphine akasema. "Na mishahara."

Cédric akafunga mlango. "Mama Adolphine, unaweza kunambia. Niko na ruhusa."

"Bati, mwanangu."

Kijana akasikitika, akaandika kwamba shahidi bado anaficha. Kisha akataja jambo la pili: wameanza kuwatafuta waliochukuliwa Kule wasirudi, na familia zinaleta majina. "Ninyi mulikuwa na bahati, ndugu yako alitoka. Kuna mwingine munamujua?"

Nje ya dirisha Amuri, ndevu zimeingia mvi, alikuwa amesimamisha shoka. Akamwitikia Adolphine kwa kichwa, kwamba alitaje jina lake.

"Kuna Amuri," Adolphine akasema. "Walimupeleka kubeba mizigo uwanja wa ndege. Hakurudi."

"Iko nani kwako?"

"Ndugu yangu. Tumbo moja."

Cédric aliutazama msalaba ukutani, akalitazama jina la Kiislamu alilokuwa ameliandika. Kabla hajauliza, sauti ya Marie-Louise ikatoka chumba cha ndani, dhaifu lakini ya kuamrisha.

"Aandike iko na kovu kisogoni. Alianguka kwenye ngazi ya kanisa, wakati iko mutoto."

"Amuri?" Cédric akauliza. "Ya kanisa?"

"Ya kanisa," mama akasema. "Andika."