Hatua za Saa Moja Asubuhi

Ofisini walimwita Bwana Kelele, na jina lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kazi yake ilikuwa kuondoa kelele. Ya pili, mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Ungeweza kushinda naye chumba kimoja tangu asubuhi hadi jioni usisikie ila vitufe vya kompyuta na kikohozi kimoja cha adabu. Mkewe alikuwa ameondoka zamani, bila ugomvi wowote, akisema amechoka kuishi na mtu anayesikiliza tu.

Kazi yenyewe haikuwa uchawi, ingawa wapwa zake waliamini ni uchawi mtupu. Watu wa uwandani walifukia vinasa mtikisiko kwa mstari mrefu, kisha likaja lori zito kuitikisa ardhi. Mtikisiko ulishuka, ukagonga mwamba, ukarudi juu, na kila kinasa kikaandika ulipofika. Bwana Kelele alipokea mamilioni ya vistari vilivyotetemeka, akatoa humo pikipiki, ng'ombe, upepo na mvua, mpaka ikabaki picha ya matabaka ya chini. Safari hii walitafuta maji ya kina kirefu. Mkuu wa kitengo, mama mmoja asiyejua kungoja, alitaka picha ifikapo Ijumaa ili wachimbaji waende.

Chumba chao kilikuwa na madawati mawili. La pili lilikuwa la mwenzake aliyestaafu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyekalia kiti kile. Bwana Kelele alikuwa bado anakivuta pembeni kila asubuhi ili mwenyewe apite, halafu anakumbuka.

Mstari wa saba wa vinasa ulipita nyuma ya nyumba ya mama yake. Hakuuomba upite pale, ulijipitia. Ni mwaka mmoja na miezi saba alikuwa hajafika kwao. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili mama alijibu maneno yaleyale: "Mimi mzima, baba. Wewe fanya kazi." Lakini mwezi uliopita shangazi alikuwa amempigia na kusema bila kuzunguka, "Nenda ukamwone mama yako. Sauti yake siipendi." Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Aende, au asubiri kazi iishe? Mama ni mzima kweli, au anamficha?

Jibu alilipata kwenye kelele, au alidhani amelipata.

Vinasa viliachwa ardhini siku kumi na tano vikiandika kila kitu. Katika rekodi za asubuhi, kabla ya lori kuanza vurugu zake, aliona hatua za mtu. Zilianza saa moja kasoro kwenye kinasa cha mia mbili na kumi na mbili, kilichokuwa nyuma ya ukuta wa mama kwa mujibu wa ramani. Zikapita kinasa kimoja baada ya kingine mpaka cha mia mbili na kumi na tisa, kando ya barabara. Hapo zilikoma karibu nusu saa, kisha zikarudi zilikotoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku zote kumi na tano.

Alizikuza kwenye kioo cha kompyuta, akaona zinachechemea. Kishindo kizito, kishindo chepesi. Mama alikuwa na mguu mmoja wenye kilema tangu alipoteleza kisimani, naye Bwana Kelele alikua akiusikia mwendo ule uani kila siku. Moyo ukampasuka kwa furaha. Alicheka peke yake, kwa sauti, mpaka mhudumu wa chai akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kilimshangaza kitu kimoja tu: wakati wa kurudi, hatua hazikuchechemea. Zilikuwa nyepesi na sawa. Akajiambia mguu ukishapata mazoezi hulegea. Mtu akitaka kuamini jambo hakosi la kujiambia, na huyu alikuwa fundi wa kusafisha.

Utaratibu ulimtaka azifute. Alizifuta, lakini kwanza alizinakili kwenye faili la peke yake, akaliita Mama. Kila alipofika kazini alilifungua kabla hajafungua kingine chochote. Alipokunywa chai, alikunywa akizitazama zikienda barabarani na kurudi. Lilikuwa jambo la kipuuzi, na alijua, lakini ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake ya siku nzima.

Jumapili alimpigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, najua unatembea kila asubuhi. Mpaka barabarani na kurudi. Nimekuona kwenye mitambo yetu."

Kisha mama akasema, "Ehe. Natembea."

"Basi uko vizuri."

"Niko vizuri, baba. Kazi kwanza."

Alikata simu akiwa mtu mpya. Shangazi na maneno yake! Safari akaisogeza mpaka mwisho wa mwaka, na wala roho haikumsuta.

Ile picha ya chini, hata hivyo, ilimtia wasiwasi. Chini ya kipande hichohicho cha vinasa vinane, matabaka yalikatika na kupishana kama shati lililokosewa vifungo. Mkuu wa kitengo alifurahi kupita kiasi. "Huo ni ufa!" alisema. "Maji hukaa kwenye ufa. Tunachimba hapo hapo." Lakini mstari wa tatu ulikatiza palepale, na wenyewe haukuonyesha ufa hata wa kuingiza kisu. Bwana Kelele hakuwa mtu wa kupitisha jambo kama hilo. Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alimpigia kiongozi wa watu wa uwandani, yule waliyemwita Kamba.

"Kamba, mstari wa saba, kuanzia mia mbili na kumi na mbili. Mlifanya nini pale?"

"Pale pana korongo, mzee. Gari lilikataa. Tukazunguka, tukaanza kufukia vile vinane kutokea barabarani, tukaja kumalizia kule kwa bibi. Namba zimekaa kinyume. Si nilikuandikia?"

"Uliandika wapi?"

"Kwenye karatasi. Niliibana kwenye boksi la betri."

Bwana Kelele alitikisa kichwa. Akageuza namba: ya kwanza ikawa ya mwisho, ya mwisho ikawa ya kwanza. Akairudisha picha kwenye mtambo, akangoja. Matabaka yakanyooka. Ufa ukatoweka, shati likafungika vizuri. Alifurahi kama dakika moja hivi, furaha halali ya fundi aliyekamata kosa.

Kisha akakumbuka faili.

Alilifungua taratibu. Kama mia mbili na kumi na mbili ilikuwa barabarani, basi hatua zilianzia barabarani. Zilikwenda mpaka ukutani kwa mama, zikakaa nusu saa, zikarudi barabarani. Zilikuja zikichechemea, kama za mtu aliyebeba kitu kizito mkono mmoja. Ziliondoka nyepesi, mikono mitupu.

Akatafuta hatua za mtu mwingine yeyote karibu na ukuta ule. Alipekua siku zote kumi na tano, saa kwa saa. Hakuna aliyetoka ndani ya nyumba ile. Hata siku moja.

Alituma picha kwa mkuu wa kitengo na maelezo ya mistari miwili, akazima kompyuta mchana kweupe, akachukua koti. Mhudumu wa chai alimuuliza kama anaumwa. Yeye alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alifika kesho yake, asubuhi. Pale barabarani, jirani wa siku nyingi, mjane mshona nguo, alikuwa anafunga mlango wake, ndoo ya maji mkononi. Alimtazama Bwana Kelele kwa muda mrefu, na uso wake haukuwa na ukali wowote. Laiti ungekuwa nao, ingekuwa nafuu.

"Miezi mitano sasa hainuki," alisema. "Alinikataza nisikwambie. Alisema wewe una kazi."

Bwana Kelele alimpokea ndoo. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ikamlazimisha kuinama upande mmoja. Akalivuka korongo, akapita kila mahali palipokuwa pamefukiwa kinasa. Alizijua sehemu zote nane kwa namba. Kishindo kizito, kishindo chepesi. Maji yalimmwagikia kiatuni, naye hakusimama.

Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi. Hajafika mlangoni, akasikia sauti yake kutoka kitandani, ndogo kuliko ile ya simu.

"Nani huyo?" mama aliuliza. "Jirani, si wewe. Hatua hizo sizijui."