Waya Uliopita Chini ya Ukuta

Shomari alikuwa dereva na fundi wa Landrova ya kijiji chetu, upande wa Kisarawe. Gari lililala uani kwake. Mwaka ule wa vita vya Uganda mkewe, Siwema, alikuwa na mimba kubwa, na mkunga alishasema mtoto amekaa vibaya. Uchungu ukianza asizalie nyumbani, akimbizwe hospitali. Gari lilikuwa hilo moja tu.

Gari lenyewe likaanza kufa. Jioni linawaka, asubuhi halitoi hata mlio. Na betri ikiisha kabisa, hata kuzungusha hendeli hakusaidii, maana plagi hazipati moto.

Matano, jirani yetu mtengeneza radio, alikuwa akipita anacheka.

"Fundi, hilo ni gari au mgonjwa wa safura? Kila siku limelala!"

"Cheka tu. Siku ukilihitaji utalibeba mgongoni."

Shomari alikwangua unga mweupe kwenye vichwa vya betri, akakaza nyaya, akaipeleka betri Kibaha kuchajiwa. Ilirudi na nguvu zake. Kesho yake ikafa tena.

Mchana mmoja nilikwenda kumtazama. Alizima kila kitu garini, akachomoa waya mmoja wa betri, kisha akaweka balbu ndogo kati ya waya huo na betri.

"Kama hakuna kinachokula moto, balbu haitawaka," aliniambia.

Ikawaka. Hafifu, nyekundu. Tukatazamana.

Akatoa fyuzi zote. Balbu haikuzimika; basi moto ulikuwa ukitoka njia nyingine. Akaanza kufuata nyaya kwa vidole, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaushika waya mwembamba asioujua. Ulishuka nyuma ya tairi, ukafukiwa mchangani, ukapita chini ya ukuta wa udongo. Ndani tulisikia radio ikinong'ona.

Kilikuwa chumba cha mkwewe, Bi Mwanaamina, aliyekuja kumuuguza binti yake. Mwanawe Husseini alikuwa vitani. Betri za radio hazikupatikana dukani, na mama yule hakuizima radio hata usiku kituo kilipofunga, asije akakosa habari. Waya ule alimwomba Matano amvutie kutoka kwenye betri ya gari.

Shomari alisimama pale ukutani. Kwetu mwanamume hakanyagi chumba cha mkwe, wala hamtamkii neno la lawama. Alichomoa waya, akauviringisha, akauweka kando. Radio ikanyamaza. Akaenda jikoni kwa mkewe.

"Mwambie mama yako gari si la radio."

"Nitamwambiaje, mume wangu? Hiyo radio ndiyo pumzi yake."

"Mwambie leo."

"Nitamwambia."

Lakini Siwema alimwona mama yake akizungusha kitufe cha radio na kutega sikio, akazungusha tena, naye akaona amwambie kesho. Shomari aliipeleka betri kuchajiwa tena, akaamini jambo limekwisha.

Uchungu ulianza alfajiri. Shomari alijaribu kuwasha gari. Kimya. Akafungua boneti, akapeleka mkono palepale, na waya ulikuwepo.

Bi Mwanaamina alikuwa mlangoni, kanga kichwani.

"Mwanangu, ule waya ulichomoka. Nikamwita Matano aurudishe. Kwani vipi?"

Shomari alifunga boneti taratibu.

"Hakuna kitu, mama."

Tulimbeba Siwema juu ya kitanda cha kamba. Matano alishika mbele, na njia nzima hakukubali kupokewa. Mchanga ulikuwa mzito. Kabla hatujaiona hospitali, Siwema aliacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha zaidi.

Siwema alirudi nyumbani. Mtoto tulimzika.

Jioni ya maziko nilimkuta Shomari amechuchumaa mbele ya gari. Betri alikuwa ameituma Kibaha ikachajiwa, ikarudi imejaa. Aliuchukua waya, akauunganisha kwa mikono yake, akaukaza vizuri.

"Mama," aliita kupitia ukuta, "radio iko tayari. Gari halina safari tena."

Tulingoja. Ndani hakuna aliyeiwasha.