Manyoya Niliyomfungia Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na mgongo mpana, na shati lake la kuvulia lilikuwa limechanika kwenye bega la kulia. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu umbo lake kwa miaka yote niliyoishi kwenye boma lake. Uso sikuujua. Kwa mila yetu ya Kinyakyusa, mkazamwana hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hali mbele yake, na akisikia anakuja anakula kona. Vijana wengi wameshaachana na mambo haya. Nenda Bondeni, pale Kyela mjini, utawakuta wanakaa sebule moja na wakwe zao wanatazama mpira kwenye televisheni. Baba mkwe hakuacha. Akija upande wa jikoni alianza kukohoa tangu kwenye migomba, kikohozi kikubwa cha mtu mwenye afya yake, nami niliacha mwiko kwenye sufuria nikatokea mlango wa nyuma.

Mimi nilikulia Busale kwenye mpunga, bila baba. Alikufa kabla sijajua kulitamka neno lenyewe. Nilipoposwa, shoga zangu waliniuliza kama nampenda huyo mwanamume. Nilimpenda, ndiyo, lakini kilichonifanya nishindwe kulala kwa furaha ni kwamba nilikuwa naenda kwenye nyumba yenye baba. Mila niliijua, ila nilidhani imeshakufa kila mahali kama ilivyokufa kwa jirani zetu. Nikafika ziwani nikakuta baba ninayeruhusiwa kumsikia akikohoa tu.

Boma letu halikuwa mbali na pale Mto Lufilyo unapoingia Ziwa Nyasa. Mvua zikianza, mto unamwaga mchanga, na mchanga unatengeneza uwanja mpana chini ya maji, mahali ambapo unaweza kutembea mbali na bado maji yakawa magotini. Usipa, dagaa wa ziwa letu, huingia humo kwa makundi, na nyuma ya usipa huja mbasa. Mbasa ni samaki wa rangi ya fedha, mrefu, mwenye hasira za mtu aliyeamshwa vibaya. Wenye mitumbwi humtegea nyavu. Baba mkwe alimfuata kwa miguu, na fito ya mwanzi, mshipi, na ndoano iliyovikwa manyoya.

Ndoano za namna hiyo zililetwa na mgeni mmoja aliyefikia Matema zamani, kabla sijaolewa. Alikuwa amezitengeneza kwa ajili ya samaki fulani wa baharini anayekula mchangani, kwenye maji ya chini namna hiyo hiyo. Aliondoka akamwachia baba mkwe moja. Mama mkwe aliifumua uzi kwa uzi kuona ilivyofungwa, halafu akaanza kufunga za kwake: manyoya ya shingo ya jogoo, nywele za mbuzi, nyuzi zinazong'aa za gunia la mbolea, na risasi kidogo ya kuizamisha. Sisi tuliziita manyoya, basi.

Vidole vya mama mkwe vilipoanza kuuma, kazi ile ilinijia mimi. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Wiki ya kwanza nilifunga moja kubwa, nzuri, nyekundu, yenye risasi ya kutosha kuzamisha paka. Jioni mama mkwe akanirudishia.

"Amesema nzito," akaniambia. "Inaanguka kama jiwe, samaki wote wamekwenda Malawi."

Ndipo nikaanza kujifunza. Maji ya magotini hayataki risasi hata kidogo. Hapo nilitumia vishanga viwili vya chuma nilivyokata kwenye mnyororo wa funguo, inazama taratibu kama jani lililolowa. Maji ya kiunoni yanataka risasi ya ukubwa wa punje ya mpunga. Pale mto unaposukuma, punje ya hindi. Maji yakiwa masafi, manyoya yawe ya rangi ya mchanga, na uyapunguze mpaka uone unafanya ubahili. Maji yakichafuka na tope la mlimani, weka meusi, samaki ayaone hata kama ni kivuli tu.

Mazungumzo yetu yalikuwa kwenye gunzi la hindi. Nilichomeka manyoya mapya kwenye gunzi, mama mkwe akampelekea, na jioni gunzi lilirudi. Yaliyofanya kazi aliyachomeka juu, yaliyoshindwa aliyachomeka chini. Mengine niliyasoma mwenyewe. Mkia ukiwa umetafunwa, nilicheka peke yangu jikoni. Risasi ikiwa imekwaruzwa na ndoano imebeba majani, nilijua ilikuwa inaburuzwa chini.

Hilo la majani lilinisumbua sana. Kwenye maji ya chini ndoano ilikuwa inakwama mchangani na kwenye nyasi kila anapovuta, na nilikuwa namwona kwa mawazo akiinama kuinasua, na mgongo wake ule, na umri wake ule. Nilihangaika nayo msimu mzima. Mwishowe nikafunga risasi mgongoni mwa ndoano, karibu na tundu la mshipi, badala ya tumboni. Nikaenda ziwani kuijaribu, maana nilikuwa na desturi ya kujaribu kila kitu mwenyewe siku ambazo yeye havui. Nikaitupa, nikaivuta, nikainama kutazama. Ilikuwa imegeuka chali. Ncha ilitazama juu, mgongo ukateleza juu ya mchanga bila kukwama popote. Nilipiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Kesho yake jioni gunzi lilirudi na manyoya yale yamechomekwa juu kabisa, peke yake.

"Amesemaje?" nikamuuliza mama mkwe.

"Hajasema kitu. Ameleta samaki wawili."

"Hata kwamba ni nzuri, hakusema?"

Mama mkwe alinitazama, akaangua kicheko. "Nimempikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, hajaniambia hata siku moja kama wali wangu mtamu. Wewe unataka akusifie manyoya ya kuku?"

Nilicheka naye, lakini kwa shingo upande. Ndiyo, nilitaka. Nilitaka neno moja litoke kinywani mwake lije kwangu, hata kama ni la kunigombeza. Wenzangu waliokuwa na baba walilalamika jinsi wanavyogombezwa, nami niliwasikiliza nikimeza mate.

Kisha mama mkwe akafariki, na hata yale maneno ya kuletewa yakakoma. Mume wangu alikuwa na biashara ya mchele Ipinda, mara yuko huko, mara amevuka Songwe kwenda Malawi, kwa hiyo gunzi likawa linatundikwa kwenye msumari wa nguzo ya jikoni. Nililitundika asubuhi nikaondoka. Alikohoa, akalichukua. Jioni alikohoa, akalirudisha. Mume wangu alipoona naishi kwa vikohozi akamwendea baba yake, akamwambia, "Tata, haya mambo tuyaache, hata kanisani wanasema si lazima." Akarudi ameinamisha kichwa. Mzee alikuwa amemjibu hivi: "Yule anayenikimbia ndiye anayeniheshimu. Ninyi mnaonisogelea mnataka shamba."

Nilikasirika siku mbili. Heshima gani hii inayomkosesha mtu usingizi? Halafu nikarudi kufunga manyoya, kwa sababu mvua zilikuwa zimeanza.

Jumapili moja nilikwenda ziwani kujaribu manyoya mapya. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, hakosi ibada hata akiumwa, kwa hiyo niliingia majini bila wasiwasi, nikasogea mpaka mahali maji yanapofika kiunoni. Nilichokuwa sijui ni kwamba usipa walikuwa wamejaa tangu alfajiri, na kwamba mzee wa kanisa naye ana moyo. Nilisikia kikohozi karibu sana. Pa kukimbilia hapakuwa. Matete yalikuwa upande wake, na nyuma yangu lilikuwa ziwa hadi Malawi. Nikafanya ambalo mkazamwana yeyote wa kwetu angelifanya: nikachutama majini mpaka shingoni, nikavuta kanga ikanifunika uso.

Nilisubiri asikike akiondoka. Hakuondoka. Kupitia kanga iliyolowa nilimwona kama kivuli, amegeuka kunipa mgongo, amesimama kwenye maji ya magotini na fito yake ya mwanzi. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaanza shule mwaka ule, na mimi nilikuwa nimechutama ziwani kama chura.

Kisha akasema. Hakusema nami, Mungu ni shahidi. Alisema na maji yaliyokuwa mbele yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kikohozi chake, na nilishangaa, maana miaka yote nilikuwa nimeiwazia nzito.

"Yale yenye risasi mgongoni," aliyaambia maji, "yanayoigeuza ndoano ikatazama juu. Marehemu mama yao hakuwa anafunga vile. Yule mgeni naye hakufunga vile. Nani alimfundisha?"

Moyo ulinidunda mpaka nikadhani mawimbi yanatoka kwangu. Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, na maji yalikuwa yananifika kidevuni. Lakini mtu aliyeng'ang'ania heshima ile maisha yake yote alikuwa amesimama mbele yangu, naye ameinyoosha mpaka ikakaribia kukatika, kwa ajili ya kuniuliza. Mimi ndiye niikate? Nilijikaza nikanyamaza.

Alisubiri. Sijui ni kwa muda gani, ila baridi ilikuwa imeshanifika kwenye meno. Samaki aliruka upande wa mto na hakugeuka kumtazama, yeye ambaye angeacha chakula kwa mbasa mmoja.

"Haya," akasema mwishowe, akatoka majini akaenda zake.

Wiki zile nilikuwa mtu mwingine. Nilifunga manyoya naimba. Ningeweza kumtuma mume wangu na jibu, lakini alikuwa Malawi na mzigo wa mchele, na kusema kweli sikutaka lipite mdomoni mwa mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka kuletewa na kupelekewa. Nikajipa moyo kwamba siku moja, kwa njia yoyote, ataniuliza tena, na mara hiyo nitayajibu maji nami.

Hakuuliza tena. Kabla mvua hazijaisha, homa ilimshika Jumatatu, wakampeleka Kyela hospitali, na Ijumaa wakamrudisha kwa ajili ya kumzika. Gunzi la mwisho lilibaki kwenye msumari, na mimi ndiye niliyelitundika.

Siku ya mazishi watu walipanga mstari kumuaga. Nilikuwa nimekaa jikoni nikipakua wali, maana ndipo mahali pangu palipokuwa siku zote. Shangazi wa mume wangu akaja kunifuata.

"Njoo umuage," akasema. "Mwiko ni wa walio hai. Sasa anakukataza nani?"

Nilikwenda nyuma ya watu wengi, na wengi wakaja nyuma yangu. Nilipofika, nilivua kanga kichwani nikamtazama. Alikuwa na paji la uso la mwanangu wa pili. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Niliinama, na nikasema naye kwa mara ya kwanza, kwa sauti ambayo wanawake waliokuwa karibu waliisikia wakadhani msiba umenichanganya.

"Hakunifundisha mtu, tata. Nilikuwa naogopa utaumia mgongo."

Nikasubiri kidogo, kama alivyonisubiri. Mstari ulikuwa mrefu, shangazi akanigusa bega, nikawapisha wengine.