Shairi la Paka Mwizi

Mwaka 1987 Haron Mungai, mwalimu wa shule ya Jamhuri, alituma gazetini shairi kuhusu paka wake, mwizi asiye na haya, anayekula nyama yote na kujilamba masharubu huku wenye nyumba wakilala njaa. Lilipochapishwa, walimu wenzake walicheka hadi machozi. Wiki hiyohiyo askari kanzu wakamchukua.

"Mwalimu, huyu paka ni nani hasa?"

"Ni paka, afande. Ana mkia. Yuko nyumbani."

"Usitufanye wajinga!"

Walimwachilia baada ya siku tisa, kazi imekwenda, daftari lake la mashairi limebaki kwao. Mkewe Wanjugu bado hupika nyama Jumapili, na paka bado huiba. Mungai hamfukuzi. Siku hizi hata yeye anamwogopa paka huyo, kama wale askari.