Neno Micheline Alinifundisha Kwa Daraja

Kwa mupaka wa Rusizi ya kwanza, kati ya Kongo na Rwanda, hakuna mugongo inashinda ya kwangu. Uliza batu. Shule niliiacha mapema, lakini gunia ya muchele natembea nayo sawa kofia. Njo maana Micheline alinichagua. Ni mama wa Bukavu, anapeleka muchele ya Bugarama kule kwabo, na sauti yake inavuka daraja mbele yake mwenyewe.

Miye nilikuwa namuita bibi yangu. Bwana yake anajua, alikuwa anacheka tu. Micheline naye: "Lete mahari kwanza, weye mugongo ya punda!" Tulitukanana vile miaka yote, na kila asubuhi yeye njo alianza.

Kifaransa anakijua sana, lakini huku Rwanda kwa babiro, kwa maofisi, banasema Kingereza, basi akaingia kwa masomo ya koperative ya bamama bachuuzi. Tukivuka, ananifundisha neno ya jana. Siku moja ikakuwa *hostile*.

"Ni muntu mwenye roho ya kugombana," akasema. "Hakupendi. Ukimukaribia, anataka kukurukia. Imbwa ya Mzee Bashige ni hostile."

"Na jua ya leo?"

"Jua haina roho, mujinga!"

"Na bwana yako akiniona?"

Akacheka mupaka kitenge ikafunguka.

Kisha mugeni wa koperative akakuja, mama moja asiyejua Swahili. Alileta gilet, bizibao bya babebaji: asiye na gilet, hatabeba tena mizigo ya bale bamama. Tukajipanga mustari, Micheline njo mutafsiri. Nikatunisha kifua. Micheline akanionyesha na kidole, akamuambia mugeni: "This man is hostile."

Kwa mustari muzima hakuna mwengine alielewa. Ni miye tu. Gilet yangu ikaenda kwa Dominique, mudogo ya bwana yake, mwenye kutembea na gunia sawa mama mwenye mimba.

"Micheline," nikamuuliza, "siku gani nilikurukia?"

Akaangalia mayi chini ya daraja. "Dominique iko na batoto."

"Na bale ba kwangu ni bambuzi?"

Akakaza kitenge, akavuka.

Sasa nabeba matofali kule juu, Kamembe. Juzi tukakutana kwa muteremuko. Akafungua mikono, akapaza ile sauti yake: "Bwana yangu! Mahari iko wapi?"

Akangoja nimutukane. Batu ba pale nabo bakangoja, banatujua.

Nikatoa kofia. "Bonjour, Madame," nikasema, nikapita.